Mapanga Matatu ya Feni ya Mzee Shaulo

Mlio hapa semeni mpo, nijue nasema na watu. Haya, nimewasikia. Basi kaeni vizuri, kwa sababu hadithi ya leo si ya kumlaza mtoto, na mwisho wake sina. Huo mwisho ndio nimekuja kuutafuta kwenu.

Mimi ni Eliabu. Kwa miaka ishirini na miwili niliendesha winchi mgodini, nikiwashusha watu shimoni asubuhi na kuwapandisha jioni. Mmoja wa hao alikuwa Shaulo Kiula, rafiki yangu, tena jirani yangu hapa Kinamwelu, ua kwa ua. Kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba. Vumbi lilimwingia mapafuni kidogo kidogo, na alipostaafu alirudi nalo nyumbani. Ameshakufa, huu ni mwaka wa pili. Ameacha watoto watatu, boma moja na kigoda kimoja cheusi.

Nyie mliotoka mbali hamjui kigoda ni kitu gani kwetu. Mtu akifa na kigoda chake, matanga hayaishi mpaka kigoda kipate mkaaji. Shamba lake halilimwi, mlango wa nyumba yake haufunguliwi, binti yake haolewi. Mavuno mawili yakipita bila mkaaji, wazee wa ukoo wanakitia kigoda motoni na boma linagawanywa kwa ukoo mzima. Watoto wa marehemu wanabaki wapita njia kwenye ardhi ya baba yao. Shaulo aliniachia mimi kazi ya kusema nani akalie kigoda chake. Wazee wanakuja Jumamosi, na leo ni Alhamisi.

Sasa niwajulishe hao watoto.

Wa kwanza ni Zefania, seremala. Huyu ukimpa ubao ataugonga kwa kidole mara moja, atanyamaza kidogo, halafu atakuambia mti wake ulikatwa kiangazi au masika, na kama utapinda au hautapinda. Sijawahi kumwona akikosea. Maneno yake ni machache mno, na mkewe Yunisi husema ameolewa na randa.

Wa pili ni Damari, fundi bomba. Yeye kipawa chake kiko machoni. Hana haja ya futi wala kamba. Siku moja aliwaambia mafundi wa mradi wa maji kwamba mtaro wao unapanda badala ya kushuka, wakamcheka, mwanamke gani huyu. Maji yalipofunguliwa yakarudi yalikotoka. Tangu siku ile hawakumcheka tena, ila hawakumsamehe pia.

Wa tatu ni Nahumu, mfua bati, mtu wa utani. Anapiga ndoo ukucha, anaisikiliza, kisha anakuonyesha mahali itakapovuja mwaka ujao. Na kweli itavuja hapo hapo.

Hakuna aliyemzidi mwenzake. Nalisema hilo mapema ili msije mkasema Eliabu aliwapanga kwa kuwapendelea.

Shaulo alipoanza kupumua kwa shida, walimpeleka hospitali ya mjini. Daktari alipiga picha ya kifua, akaitazama, akawaita watoto pembeni. Aliwaambia mapafu ya mzee yamegeuka jiwe, na bila msaada wa hewa ana wiki tatu. Damari alihangaika kwa watu wa kanisa lake hadi akapata mashine ndogo ya hewa, ile yenye mpira wa kuingia puani. Mashine ilikuwa nzuri sana. Tatizo lake lilikuwa kwamba inakula umeme, na nguzo za umeme zilikuwa zimeishia kilomita ishirini kutoka kwetu. Kipande cha sola alichokuwa nacho Shaulo kilitosha kuwasha taa na kuchaji simu tu.

Shaulo mwenyewe hakuomba kupona. Hakuwa mjinga. Aliomba kufika mvua ya kwanza. Ardhi ya Kinamwelu wakati wa kiangazi ni mawe matupu, kaburi linachimbwa kwa mtaimbo na nyundo siku mbili nzima. Alisema amepiga mwamba maisha yake yote, na hataki watu wengine waupige kwa ajili yake. Alitaka kuzikwa kwenye udongo laini. Ukifikiria, ni ombi dogo sana.

Kitu tulichokuwa nacho kwa wingi ni upepo. Kinamwelu iko juu kabisa ukingoni mwa bonde, na kuanzia Juni upepo unapanda kutoka huko chini mchana na usiku hata kuku wanatembea upande. Basi nikasema tutengeneze mtambo wa upepo. Watu hawakuwa na jina la kitu hicho, wakakiita feni, na mimi pia nikaita feni. Nilipata oltaneta ya lori bovu, ile inayozalisha umeme ikizungushwa, betri mbili, na bomba refu la chuma la kusimamisha mlingoti. Nilikuwa na inveta yangu ya zamani, ya kugeuza umeme wa betri uifae mashine. Nikafunga na kamba nyuma ya mtambo, ili ukiivuta feni igeuke, iache upepo, isimame. Yote hayo niliyamaliza kwa wiki moja. Yakabaki mapanga.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mapanga ya feni yanateswa kuliko kitu chochote kwenye boma. Yanazunguka bila kupumzika, juani, kwenye vumbi, kwenye upepo wa ghafla, na baadaye kwenye mvua. Niliwaita watoto wote watatu kibarazani kwa baba yao tuulizane ni kitu gani kitadumu. Zefania alitaka mti, kwa sababu mti umezoea kupepesuka tangu ukiwa hai na hauchoki kupindishwa. Damari alitaka bomba la plastiki, kwa sababu halina kutu, haliozi, mchwa hawaligusi, na duara lake ukilipasua tayari ni bawa. Nahumu aliwasikiliza wote wawili huku akitafuna kipande cha muwa, akasema hajawahi kuona mti wala plastiki ikikishinda chuma. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Nikawaambia waelewane wachague kitu kimoja, yatengenezwe mapanga matatu ya kitu hicho hicho. Wakaitikia vizuri, wakaaga.

Wiki iliyofuata walirudi, kila mmoja na panga moja.

Zefania alikuwa ametafuta mninga uliokauka, akakosa. Mbao zote za dukani zilikuwa mbichi ndani, zingepinda baada ya mwezi. Akaingia chumbani kwake, akang'oa ubao mrefu wa ubavuni mwa kitanda chake cha ndoa, ubao uliokauka kwa miaka kumi na saba. Aliuchonga siku nne, upande mmoja mnene na upande wa pili mwembamba, akaupaka vanishi mara tatu. Kitanda kikaanguka. Yeye na Yunisi wanalala chini kwenye mkeka mpaka leo.

Damari alikuwa anachimba kisima nyumbani kwake, peke yake, mwaka wa tatu. Alikuwa ameshafika kwenye maji, na alikuwa amebakiza bomba moja la mwisho, pana na nene, la kuvika kuta za chini zisiporomoke. Alilitoa hilo hilo. Alilipasua kwa msumeno, akalipinda kidogo kwenye moto wa makaa kwa jicho lake tu, na bawa likatoka sawasawa. Siku ya tatu baada ya hapo kisima kiliporomoka. Akarudi kubeba ndoo kichwani kutoka bombani.

Nahumu hakutoa mali yoyote. Panga lake lilitoka kwenye pipa la mafuta lililotupwa nyuma ya gereji. Lakini chuma cha pipa ni kinene, mkasi wa bati haukikati, kwa hiyo alikikata kwa tindo na nyundo. Akalikunja lile bati mara mbili, akalifunga kwa ribiti, vile vijisumari vya kugongwa pande zote mbili. Katikati ya kazi tindo liliteleza, likachukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikuja kwangu mkono umefungwa, panga begani, akasema, "Baba mdogo, wewe pima panga tu, vidole usivipime." Tulicheka wote, na mimi sikujisikia vizuri baadaye.

Nikawauliza kwa nini kila mmoja ameleta moja. Walitazamana. Ikaonekana wote watatu walikuwa na wazo lile lile. Kila mmoja aliona kwamba akileta matatu atakuwa amewafungia mlango wenzake mbele ya baba yao mgonjwa. Ndivyo walivyolelewa. Nami nikaona hatari iliyopo, kwa sababu mimi ni mtu wa winchi. Gurudumu likiwa na uzito tofauti na tabia tofauti kila upande linajitikisa, na kinachojitikisa hakidumu. Nikaenda kwa Shaulo, nikamwambia achague panga moja, na hao wengine wawili wamsaidie mwenye panga hilo kutengeneza mengine mawili.

Shaulo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mpira puani, akivuta hewa ya betri niliyoiazima. Akanikumbusha desturi. Kwetu mzazi akiugua, kila mtoto anapika chungu chake na kukileta, na mgonjwa lazima aonje vyote. Hata kama kimoja kimeungua. Hata kama hana hamu. Akiruka chungu cha mtoto mmoja, ni sawa na kumwambia mtoto huyo kwamba hakumzaa.

"Mapanga si vyungu, Shaulo," nikamwambia. "Gurudumu halijui adabu."

"Mimi ninaijua," akanijibu. "Weka yote."

Nilikuwa na uwezo wa kukataa. Ilikuwa oltaneta yangu na mlingoti wangu. Sikukataa. Nilimpenda mtu yule, na nilimwogopa kidogo, kama wote tulivyomwogopa. Nikayapima mapanga kwenye mizani ya dengu. La chuma lilikuwa zito zaidi, la plastiki jepesi zaidi. Nikatafuta vile vipande vya risasi wanavyogongelea kwenye magurudumu ya magari, nikavifunga kwa waya kwenye mapanga mawili mepesi mpaka mizani ikatulia. Niliwaambia imekaa sawa. Moyoni nilijua kwamba nimesawazisha uzito wa siku ile tu.

Tukaipandisha mwanzoni mwa Julai. Nakubali kusema ilikuwa siku nzuri.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi kila panga lilivyofanya kazi, maana hapa ndipo mtakaponisaidia.

Wiki za kwanza upepo ulikuwa dhaifu kuliko ilivyo kawaida. Bawa la bomba na bawa la pipa yaliusubiri tu. Panga la Zefania, kwa ule mchongo wake mnene na mwembamba, ndilo lililokuwa linaunasa upepo mdogo na kuivuta feni nzima ianze kuzunguka. Nilijaribu mwenyewe: nililifunga gunia panga hilo, feni ikasimama. Nilipofungua ikaondoka. Pasingekuwa na mti ule, Shaulo asingefika Agosti.

Agosti ukaja upepo wenyewe, ule unaong'oa mapaa. Nilitaka kuvuta kamba niisimamishe feni, lakini betri zilikuwa tupu na Shaulo alikuwa amebadilika rangi midomoni. Tukaiacha izunguke. Panga la Damari likajikunja kila upepo ulipozidi, likaumwaga, likarudi. Mtambo mzima ukapata nafuu. Mapanga matatu magumu yangevunja mlingoti siku ile, sina shaka hata kidogo.

Septemba na Oktoba upepo wetu unakuja kwa vipande. Unavuma, unakata, unavuma tena. Feni nyepesi ingekuwa inasimama na kuanza upya kila mara, na betri zisingejaa. Lile pipa la Nahumu ndilo lililokuwa linaendelea kwa uzito wake, linawavuta wenzake kwenye ule upungufu mpaka upepo unarudi. Fundi yeyote wa winchi atakuambia uzito ukishaondoka haurudi nyuma kirahisi.

Daktari alimpa wiki tatu. Mapanga yale yalimpa miezi minne na nusu. Katika miezi hiyo Shaulo alimwona mchumba wa Damari, mwalimu mmoja mpole anayeitwa Mkoma, akampenda. Alipatana na kaka yake waliyenuniana tangu ujanani. Alitufundisha mimi na Nahumu wimbo wa kutwanga uliokuwa wa bibi yake, akiimba mstari mmoja na kupumzika. Halafu alikuwa anakaa mlangoni kila siku akitazama mawingu.

Siku moja katika Novemba, akiwa na nguvu kidogo, aliwatuma watoto wote nje, akaniita. Alisema kigoda apewe mtoto ambaye panga lake lilimpa pumzi.

"Yote yalikupa," nikamwambia.

"Kigoda kinakaliwa na mtu mmoja, Eliabu. Taja mmoja. Na usiniletee mambo ya vyungu vitatu."

Nilikasirika, na bado nimekasirika, hata kama amekufa. Mtu aliyeshindwa kuchagua panga moja kati ya matatu aliniachia mimi kuchagua mtoto mmoja kati ya watatu wake. Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa ameshafumba macho akivuta hewa, na huwezi kugombana na mtu anayehesabu pumzi.

Mvua ilikuja tarehe ishirini na moja, mchana. Kabla yake kulikuwa na siku tatu za utulivu, jani halitikisiki, na betri zilikuwa zimebakiwa na kidogo sana. Kisha ukaja upepo na mvua pamoja. Shaulo akaomba aburuzwe na kiti chake mpaka mlangoni. Aliinyoosha mikono nje ikalowa. Alikuwa anacheka bila sauti. Watoto wote watatu walikuwa naye, na Yunisi, na mimi.

Mimi nilitoka nje kuangalia feni, na nikasikia mgongo wa mlingoti ukigonga. Gonga, nyamaza, gonga. Vanishi ya lile panga la mti ilikuwa imepasuka kwa jua la miezi minne, na sasa mti ulikuwa unakunywa maji na kuongezeka uzito. Gurudumu lilikuwa limepoteza usawa. Nikashika kamba. Ningeivuta, feni ingesimama, tungeishusha na kuitengeneza kesho yake. Lakini betri zisingefika kesho yake. Nikamtazama Shaulo pale mlangoni na mikono yake imelowa. Nikaiachia kamba, nikajiambia ngoja ijaze nusu saa tu.

Haikufika nusu saa. Panga la plastiki lilikatika kwenye tundu la boliti, likaruka juu ya zizi la mbuzi. Feni ikayumba. Panga la mti likagonga mlingoti, likapasuka. Panga la chuma lilizunguka peke yake mara mbili au tatu, ribiti zikaruka, likakunjika. Yote hayo yalikwisha kabla sijapata wakati wa kuita mtu.

Mashine ya hewa ilianza kulia ile sauti yake ya kuomba umeme. Nahumu akachukua baiskeli kwenda kuazima betri kijiji cha jirani, kwenye matope, kwa mkono wenye vidole vitatu. Zefania alimshika baba yake mgongo. Damari alikuwa anampepea kwa sinia, akimwambia avute, avute. Shaulo alikufa saa kumi na moja jioni, mvua bado inanyesha. Nahumu alifika saa kumi na mbili na betri mgongoni, amelowa chepechepe, akasimama mlangoni, akatutazama nyuso zetu, akaiweka chini polepole.

Na niwaambie lililoniuma zaidi. Tulipoanza kuchimba, udongo ulikuwa umelowa kiasi cha kiganja kimoja. Chini yake ni mawe yale yale. Tulipiga mtaimbo siku mbili. Hata hilo moja aliloomba hakulipata.

Siku ya arobaini niliwaeleza watoto maneno ya baba yao. Baadhi ya wazee walinong'ona kwamba Damari ni mwanamke, lakini Shaulo alisema mtoto, nikawanyamazisha. Watoto wakaja kwangu mmoja mmoja. Zefania alisema feni isingeanza bila yeye, akaondoka. Damari alisema isingeokoka dhoruba bila yeye, na kwamba matanga yasipoisha Mkoma hatamngoja milele. Nahumu alisema betri zisingejaa bila yeye, halafu akajaribu kutania, akashindwa. Kila mmoja alikuwa na haki. Niliwasikiliza nikawa napokea kila neno.

Ndipo nikafanya kosa, au labda sikukosea, mtaniambia. Niliwaita wote pamoja, nikatandika mkeka uani na kuwawekea vile vipande. Nilitaka waone kwamba yote yalifanya kazi sawa. Zefania akaugonga mti wake kwa kidole, na hakukuwa na haja ya kusema, wote tulisikia ulivyovimba. Damari akaliinua lake, akaona jinsi jua lilivyolifanya jeupe na nyufa ndogo zikizunguka lile tundu, nyufa za wiki nyingi. Nahumu akapitisha kidole juu ya matundu ya ribiti, yalikuwa yamepanuka na unga wa kutu ndani. Kila panga lilikuwa limeanza kufa zamani, na kila moja lilimdhuru mwenzake.

Zefania, yule asiyesema, ndiye aliyesema.

"Baba mdogo, kama langu ndilo lililompa pumzi, basi ndilo lililomnyima. Sikitaki hicho kigoda."

Damari akasema naye hakitaki. Nahumu alikuwa ameshasimama anaondoka. Tangu siku ile hawasalimiani isipokuwa msibani. Hawana ugomvi, ila kila mmoja akimwona mwenzake anaona mkeka ule. Mkoma alihamishwa shule mwaka jana, na barua zake zimepungua. Shamba la Shaulo limeota magugu yanayonifika kiunoni. Mchwa wamepanda mlango wa nyumba mpaka kwenye komeo. Na mimi niliyeshusha watu shimoni nilivuta vumbi lile lile, kidogo kuliko wao, na daktari ameshapiga picha ya kifua changu pia. Kwa hiyo msiniambie nisubiri.

Nimejaribu kila njia. Nilifikiri nimpe Zefania, kwa sababu bila mwanzo hakuna kitu. Lakini ni mti wake ulioanza kutikisa. Nikafikiri Damari, aliyeokoa mlingoti, na ambaye maisha yake yamesimama kuliko ya wengine. Lakini ni panga lake lililokatika kwanza. Nikafikiri Nahumu, kwa damu yake. Lakini je, kidole kina thamani kuliko kitanda na kisima, na mbona mwenyewe aliniambia nisivipime? Nilifikiri hata kumlaumu Shaulo na vyungu vyake. Lakini yeye hawezi kukaa tena kwenye kigoda.

Jumamosi asubuhi wazee watakaa uani kwa marehemu, na mimi nitasimama. Nikitaja jina, huyo atapata boma la baba yake, na matanga yataisha, na Damari ataweza kuolewa kama bado kuna wa kumwoa. Ila kwa kinywa hicho hicho nitakuwa nimemwambia mtoto huyo mbele ya kijiji kizima kwamba panga lake ndilo, kwa pumzi na kwa mauti, na atakalia neno hilo mpaka afe. Nisipotaja jina, kigoda kitatiwa motoni, na wote watatu watapoteza kila kitu kwa usawa kabisa, jambo ambalo labda ndiyo haki pekee iliyobaki.

Na kama mnaona mwenye kosa ni mimi niliyeshika kamba nikaiachia, semeni, sitachukia. Ila hilo halitanipa jina la kutaja.

Basi nimemaliza upande wangu. Wewe uliye mbele, na wewe mama uliyeacha kushona tangu nilipofika kwenye mvua, na wewe uliyejificha nyuma ukidhani sikuoni: mngekuwa mmesimama pale Jumamosi, je, mngeamua vipi? Mngemtaja nani?